Kigango cha Nani?

Wanunuzi kutoka ng'ambo walipovishika vigango vyetu, nguzo za mbao za kuwakumbuka marehemu, miaka ya 1970 na 1980, walitaka kilicho halisi. Halisi kwao ni kile kilichonyeshewa mvua miaka na miaka, rangi zikafifia. Kilichochongwa juzi walikiona bandia. Kwa kipimo hicho, bidhaa bora ilipatikana kwa njia moja: kung'oa kilichosimamishiwa marehemu wa watu.

Sisi Wagiriama tuna kipimo kingine. Nimekulia upande wa Ganze, na sijamsikia mzee akiuliza kigango kina umri gani. Huuliza ni cha nani.

Kigango ni haki ya mtu wa Gohu, chama cha wanaume wenye uwezo, ambacho huingii bila kuwalisha wenzako karamu. Mtu huyo akishafariki, koma yake, yaani roho yake, inaweza kumjia mwana ndotoni, au maradhi yakaingia nyumbani, mganga akasema mzee anataka kusimamishwa. Hapo fundi hutafuta muhuhu, mti mgumu usioliwa ovyo na mchwa, huo huo wanaochongea wanyama wa kuuzia watalii Malindi. Huchonga kichwa na kiwiliwili, akakata pembetatu, zikatiwa nyekundu, nyeupe na nyeusi. Kikisimama, humwagiwa mnazi na mzee huitwa kwa jina lake. Jina hilo ndilo linalokitenga na gogo. Kikishasimama hakiondolewi, hata familia ikihama.

Kuachwa huko kuliwapa wezi nafasi. Wauzaji wengine wamejitetea kwamba vilikuwa vimetelekezwa. Nauchukia utetezi huo, kwa sababu kaburi lisilo na mlinzi haligeuki mali ya mpita njia.

Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa karibu na Kaloleni, amesimama kando ya vigango viwili vya ndugu zake. Aliporudi kumpelekea picha, vigango vilikuwa vimeibwa, na mzee akamwomba amsaidie kuvitafuta. Mwaka 1999, katika mkutano wa wasomi Marekani, mwenzake Linda Giles alionyesha picha za vitu vya makumbusho ya Illinois State University, na Udvardy akakitambua kimoja cha vile viwili. Cha pili kilikuwa Hampton University, Virginia. Wasomi hao wawili walikuja kuhesabu karibu vigango 300 katika majumba ya makumbusho ya Marekani. Cha Illinois kilirudi 2006, kikapokewa na familia mwaka uliofuata. Cha Hampton nacho kikarejeshwa.

Angalieni kilichovirudisha. Uzee wa mbao haukusaidia kitu, wala ustadi wa fundi. Ni ile picha, yenye mtu anayejulikana, iliyosema ni vya nani.

Mwaka 2019 makumbusho ya Denver yalirudisha vingine 30. Nilifurahi, kisha nikahuzunika, maana vilikuja bila majina. Wapo wanaopendekeza vigawiwe familia zilizoibiwa, kila moja ichukue chake. Mimi napinga. Kumsimamishia baba yako kigango cha mzee wa mji mwingine ni kuwadanganya wote wawili. Afadhali vikae ghalani, na watu watumwe Kaloleni, Ganze na Bamba na picha za kila kimoja, wawaulize wazee wakingali hai.