Saa Moja na Usiku Elfu na Moja: Muda na Sauti katika Prince of Persia

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mchezo wa kompyuta Prince of Persia, uliotungwa na Jordan Mechner wa Marekani na kutolewa mwaka 1989 kwa kompyuta ya nyumbani ya Apple II, umerithi mandhari ya Alfu Lela Ulela huku ukiigeuza maana yake.

Katika ngano hizo, zilizofasiriwa kwa Kiswahili na Edwin Brenn enzi za ukoloni, Shahrazadi huahirisha kifo kwa kusimulia. Katika mchezo, Sultani yumo vitani ugenini. Waziri Jaffar anamfungia binti mfalme na kumpa dakika 60 aamue: kuolewa naye au kufa. Shujaa hukimbia, huruka mashimo na kupigana kwa upanga katika ngazi 12. Muda, uliokuwa ukinunuliwa kwa maneno, sasa humwagika kama mchanga. Binti mwenyewe hana la kusema. Tendo lake kuu ni kumtuma panya, katika ngazi ya 8, aende kumfungulia shujaa lango.

Suala hili lina uzito hata Isiolo, mji wanamokutana Waborana, Wasomali, Wameru, Waturkana na Wasamburu, kila jamii na masimulizi yake. Mtoto atakayeiona ngano katika kioo kabla ya kuisikia ataujua upanga, asiijue sauti. Mhakiki, basi, asiulize tu iwapo mchezo ni utanzu wa fasihi. Aulize pia ni nani aliyenyang'anywa usimulizi ndani yake.