Kando ya Mshono

Tangu kiwanda cha sukari cha Awendo kianzishwe miaka ya 1970, mvuke ni jirani yetu hapa Suna. Mimi niliacha chuo, lakini somo la mabomba ya mvuke halikuniacha. Fundi mmoja wa kuchomelea mageti aliniambia, "Kijana, mshono ukiwa mzuri, chuma hukatika kando yake."

Kumbe mwaka 1974 wataalamu Wajerumani walishagawa nyufa za mabomba hayo katika aina nne. Ya nne huanzia kando ya mshono, pale moto wa kuchomelea ulipolegeza chuma. Kwenye joto la nyuzi 500 na zaidi, vitundu huungana polepole, miaka na miaka. Basi mkaguzi asipime mshono tu. Kando yake hupita mfanyakazi mwenye familia.