Mapendekezo ya Vitabu ya Wataalamu: Kiganjo, Thika na Ruiru

Mapendekezo ya vitabu ya wataalamu ni maelekezo yanayotolewa na watu waliobobea katika fani fulani, kama vile historia, uchumi, dini au kilimo, kwa ajili ya msomaji ambaye si wa fani hiyo, ili ajue ni kitabu gani kinastahili muda wake, kinaaminika kwa jambo gani na kinaishia wapi. Pendekezo la aina hii hutofautiana na matangazo ya wachapishaji, kwa kuwa mtaalamu huweka heshima yake rehani, na hutofautiana pia na tahakiki, yaani uchambuzi wa kitabu kimoja, kwa kuwa hukiweka kitabu katikati ya vitabu vingine. Kwa maeneo ambayo historia yake imejaa ugomvi wa ardhi, dini na kazi, kama yalivyo maeneo ya Thika na Ruiru katika Kaunti ya Kiambu nchini Kenya, pendekezo linalotaja kitabu kimoja peke yake ni pungufu; lililokamilika hutaja pia kitabu kinachokipinga, au kinachoona kile ambacho cha kwanza hakikukiona.

Mfano mkubwa wa uteuzi wa pamoja barani Afrika ulitokana na wazo la Ali Mazrui, mwanazuoni mzaliwa wa Mombasa, ambaye mwaka 1998, katika maonyesho ya vitabu ya Zimbabwe, alipendekeza iandaliwe orodha ya vitabu 100 bora vya Afrika vya karne ya 20. Jopo lililoongozwa na Njabulo Ndebele wa Afrika Kusini lilikamilisha kazi hiyo, na orodha ikatangazwa mjini Accra mwaka 2002 ikiwa na vitabu vinavyohusu moja kwa moja nchi ya Wakikuyu, vikiwamo Facing Mount Kenya cha Jomo Kenyatta na A Grain of Wheat cha Ngũgĩ wa Thiong'o. Shuleni, kazi inayokaribiana na hiyo hufanywa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya, ingawa idhini yake hupima zaidi jinsi kitabu kinavyolingana na mtaala kuliko uzito wa hoja zake.

Jina Kiganjo hubebwa na mahali kadhaa katika Kenya ya kati, likiwamo eneo la Nyeri lenye chuo cha polisi na wadi moja ya Gatundu Kusini. Makala hii inahusu Kiganjo ya Thika, mtaa wa pembezoni mwa mji ulio jirani na kitongoji cha mabanda cha Kiandutu, pamoja na ukanda wa mashamba na viwanda unaoshuka hadi Ruiru. Reli ilifika Thika mwaka 1913, wakati ambapo walowezi, yaani Wazungu waliogawiwa ardhi na serikali ya kikoloni, walikuwa wakifungua mashamba makubwa pande zote za mji. Mtaa wenyewe hautajwi katika majina ya vitabu vinavyojadiliwa hapa, lakini mambo yaliyowafikisha watu huko, kuanzia kupotea kwa ardhi hadi kibarua cha kahawa na ajira ya viwandani, ndiyo kiini cha vitabu hivyo.

Kitabu ambacho wageni hupendekezewa mara nyingi zaidi kuhusu Thika ni The Flame Trees of Thika cha Elspeth Huxley, kilichochapishwa mwaka 1959 na kugeuzwa mchezo wa televisheni nchini Uingereza mwaka 1981. Huxley, aliyezaliwa London mwaka 1907, alifika Thika akiwa mtoto mdogo, na kitabu chake kinasimulia jinsi wazazi wake, ambao humo amewapa majina ya Robin na Tilly, walivyojaribu kuanzisha shamba la kahawa kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Uzuri wa lugha yake na ukali wa macho yake ya kitoto haukanushwi na mtu. Hata hivyo ni kumbukumbu iliyoandikwa zaidi ya miaka 40 baada ya matukio, tena kutoka barazani kwa mlowezi, na mtaalamu anayekipendekeza bila kusema hivyo humpotosha msomaji, ambaye atafunga kitabu akidhani kwamba ardhi ile haikuwa na wenyewe.

Kwa sababu hiyo kitabu cha Huxley kinafaa kusomwa pamoja na kazi zilizoanzia upande wa pili wa shamba. Tawasifu ya Harry Thuku, aliyesoma katika misheni ya Kambui, ilitoka mwaka 1970 kwa msaada wa mtafiti Kenneth King, na inaeleza malalamiko ya kipande (kitambulisho cha kikoloni cha kazi), kodi na kazi za kulazimishwa yaliyosababisha akamatwe mwaka 1922 na watu kupigwa risasi jijini Nairobi walipodai aachiliwe. Nayo ina upande wake, kwani Thuku alikuja kuipinga hadharani Mau Mau, yaani vita vya kupinga ukoloni vya miaka ya 1950, na uzeeni alikuwa mkulima wa kahawa aliyeheshimiwa na serikali, kwa hiyo mwanasiasa kijana anasimuliwa na mzee mwenye mali. Pengo kubwa zaidi linazibwa na Cora Ann Presley, ambaye kitabu chake cha mwaka 1992 kuhusu wanawake wa Kikuyu kimejengwa juu ya mahojiano na wanawake wa Kiambu, na kinaonyesha kwamba mikono iliyochuma kahawa ya walowezi kwa sehemu kubwa ilikuwa ya wanawake na wasichana, ambao baadaye walishiriki katika siasa na katika Mau Mau. Kama ingelazimu kuchagua kitabu kimoja tu cha historia kwa ajili ya ukanda huu, hiki ndicho kingestahili kutangulia.

Kuhusu kipindi cha kabla ya ukoloni, Louis Leakey aliandika The Southern Kikuyu before 1903 kabla ya Vita Vikuu vya Pili, lakini kazi hiyo ya juzuu tatu ilichapishwa mwaka 1977, baada ya kifo chake. Ni hazina ya maelezo kuhusu ardhi, ndoa na mila, ila humwonyesha Mkikuyu kana kwamba hakubadilika, kasoro ambayo Godfrey Muriuki aliirekebisha katika historia yake ya mwaka 1974, inayofuata uhamiaji wa mbari, yaani koo zinazomiliki ardhi kwa pamoja, kwa kutumia masimulizi ya wazee.

Vita vya Mau Mau ni mahali ambapo wataalamu wenyewe wamegawanyika. Mwaka 2005 vilitoka kwa wakati mmoja kitabu cha Caroline Elkins kuhusu kambi za kizuizini, kilichopata tuzo ya Pulitzer mwaka 2006, na Histories of the Hanged cha David Anderson, kilichotumia kumbukumbu za mahakama zilizowahukumu watu kunyongwa. Elkins alikadiria kwamba Wakikuyu kati ya 130,000 na 300,000 hawakujulikana walikokwenda. Mtaalamu wa takwimu za watu John Blacker, akichambua sensa, alijibu mwaka 2007 kwamba vifo vya ziada vilikuwa kama 50,000, nusu yake wakiwa watoto wa chini ya miaka 10. Tofauti hiyo ni sababu ya kuwasoma wote wawili, kwa kuwa hata hesabu ya chini ni msiba mkubwa, na ushahidi wa Elkins na Anderson ulichangia hatua ya Uingereza ya mwaka 2013 ya kukubali kuwalipa Wakenya 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9. Kwa anayetaka kujua vita hivyo vilionekanaje ndani ya vijiji vya Kiambu, utafiti wa Greet Kershaw ulioanza miaka ya 1950 na kuchapishwa mwaka 1997 kwa jina Mau Mau from Below hauna mbadala.

Katika uchumi, kitabu cha M. P. K. Sorrenson cha mwaka 1967 kinaeleza jinsi vipande vya ardhi vya Wakikuyu vilivyounganishwa na kuandikishwa hati miliki wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa dhidi ya Mau Mau, jambo lililowapa wengine usalama na kuwaacha wengine bila shamba. Colin Leys, katika kitabu cha mwaka 1975, alidai kwamba uchumi wa Kenya umefungwa na mitaji ya kigeni, kisha katika makala ya mwaka 1978 akabadili msimamo wake na kukiri nguvu ya matajiri wazalendo. Kitabu chake kikipendekezwa bila makala hiyo, msomaji hupewa nusu ya fikra za mwandishi. Kuhusu mafundi wa jua kali, yaani wenye karakana ndogo zisizosajiliwa, pa kuanzia ni ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1972, ikifuatwa na Jua Kali Kenya cha Kenneth King cha mwaka 1996.

Katika dini, African Religions and Philosophy cha John Mbiti, cha mwaka 1969, hupendekezwa karibu kila mahali, na sifa yake ni kwamba kilizipa dini za Kiafrika heshima ya kuchunguzwa kwa makini. Okot p'Bitek wa Uganda alidai mwaka 1970 kwamba wasomi walizivika dini hizo vazi la Kikristo na la Kigiriki, na hoja yake inamgusa Mbiti, aliyekuwa pia kasisi. Karibu zaidi na Thika ni habari za Akurinu, kanisa la kiroho la Kikuyu linalotambulika kwa vilemba vyeupe, ambalo waumini wake watatu waliuawa na polisi katika msitu wa Ndarugu mwaka 1934. Kenyatta aliliandikia sura moja katika Facing Mount Kenya akiwaita waumini hao Watu wa Mngu, naye Francis Kimani Githieya amelichunguza kwa kina katika kitabu chake cha mwaka 1997.

Kilimo kina kanuni tofauti, kwa sababu humo kitabu huzeeka upesi. Kituo cha utafiti wa kahawa cha Ruiru kilitoa mwaka 1985 aina ya Ruiru 11, inayostahimili ugonjwa wa matunda ya kahawa na kutu ya majani, na mwaka 2010 ikafuata aina ya Batian. Mwongozo wa mkulima ulioandikwa kabla ya miaka hiyo hubaki kuwa chanzo cha historia tu.

Vingi vya vitabu hivi viliandikwa kwa Kiingereza, na mtaalamu anayemjali msomaji wa Kiswahili hana budi kumwambia kilichopo katika lugha yake. Facing Mount Kenya, cha mwaka 1938, kilitafsiriwa kwa jina Naushangilia Mlima wa Kenya. Riwaya ya Ngũgĩ aliyoiandika kwa Kikuyu juu ya karatasi za chooni katika gereza la Kamiti, si mbali na Ruiru, ilitoka mwaka 1980 na kupata tafsiri ya Kiswahili, Shetani Msalabani, mwaka 1982. Viwili hivyo vinafaa kusomwa kwa kufuatana, cha kwanza kikidai ardhi irudishwe kwa wenyewe na cha pili kikiuliza ilirudi kwa nani, kwa kuwa serikali iliyomweka Ngũgĩ kizuizini mwishoni mwa mwaka 1977 iliongozwa na mwandishi wa kile cha kwanza.