Studio ya kurekodia nyumbani: Kisangani

Studio ya nyumbani ni chumba cha kawaida chenye kompyuta, kadi ya sauti, maikrofoni na programu, ambamo msanii hurekodi bila kulipia saa za studio ya biashara. Kisangani, makao makuu ya jimbo la Tshopo, ni mji wa muziki na dansi: mwimbaji Koffi Olomide alizaliwa huko mwaka 1956, na mtunzi wa dansi Faustin Linyekula alihamishia huko kampuni yake, Studios Kabako, aliyoianzisha Kinshasa mwaka 2001. Anayeanza kwa kawaida hushauriwa kulinganisha chapa za vifaa. Katika mji huu, hata hivyo, umeme na kelele ndivyo vinavyopaswa kuamua nini kinunuliwe na kipi kitangulie.

Umeme wa mji hutegemea bwawa la mto Tshopo, na hukatika mara kwa mara. Ukikatika, kompyuta ya mezani huzimika palepale na sauti iliyokuwa ikirekodiwa huweza kupotea. Laptop huendelea kwa betri yake, na hulisha kadi ndogo ya sauti kupitia waya wa USB. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 hubeba takriban wati-saa 1,200. Hata ikitumiwa nusu tu ili isichakae mapema, huendesha laptop ya wati 50 kwa saa kumi hadi kumi na mbili. Kwa sababu hiyohiyo, hedifoni nzuri hutangulia spika za studio, ambazo huhitaji umeme wake peke yake. Inaweza kusemwa kwamba jenereta humaliza tatizo. Huleta mwanga, lakini mngurumo wake huingia kwenye kila mstari wa wimbo.

Kelele ndiyo huamua maikrofoni pia. Wengi hutamani maikrofoni ya kondensa kwa kuwa hunasa undani wa sauti. Chini ya paa la mabati, hunasa vilevile mvua, pikipiki na redio ya jirani, tena huhitaji volti 48 kutoka kwenye kadi. Maikrofoni ya dainamiki kama Shure SM58, iliyotoka mwaka 1966, haihitaji umeme huo na imeundwa kuimbiwa kwa karibu. Ni kweli kwamba aina ya maikrofoni peke yake haifuti kelele. Kinachosaidia zaidi ni umbali: mwimbaji akisogea kutoka sentimita 40 hadi 10, sauti yake huongezeka kwa takriban desibeli 12 dhidi ya kelele ya chumba. Godoro na mapazia mazito hupunguza mwangwi. Hayazuii mvua, hivyo ratiba ya kuimba hufuata hali ya hewa.

Programu huja mwisho, kwani ndiyo rahisi kubadilisha. FL Studio inapendwa na watengeneza midundo, na hoja yao ni ya haki. Ila kabla ya kuinunua, hakikisha toleo unalolichagua linarekodi sauti za waimbaji. Audacity ni ya bure. Reaper ni nyepesi kupakua, jambo lenye uzito pale bando la intaneti linapohesabiwa, na hujaribiwa siku 60 kabla ya kulipiwa. Mwenye fedha kidogo atanufaika zaidi akinunua betri kabla ya kadi ya gharama: kadi ya kawaida hutosha kurekodi wimbo, lakini hakuna kadi inayorekodi bila umeme.