Tarehe ya Batiki na Mafunzo ya Watoto wa Mudaka

Atakaye kuijua tarehe ya nguo zivaliwazo Mudaka, katika Kabare, kaskazini ya Bukavu kando ya barabara iendayo Kavumu, hana budi kusafiri kwa fikira hata kisiwa cha Java. Kwani huko ndiko wanawake walikochora vitambaa kwa nta ya moto, kwa kikalamu cha shaba kiitwacho canting, kabla ya kuvitumbukiza katika rangi, na kazi hiyo ndiyo batiki. Waholanzi, waliokuwa watawala wa kisiwa hicho, waliiga kazi hiyo kwa mashine, na kiwanda cha Vlisco, kilichoasisiwa Helmond mwaka 1846, kikawa miongoni mwa vilivyoeneza vitenge katika Afrika.

Walakini kununua nguo za wageni hakukuanza na vitenge. Misafara ya pwani iliyofika Manyema, mashariki ya Kongo, katika karne ya 19 ilichukua nguo za merikani na kaniki, ilhali pwani yenyewe ilikuwa na wafumaji stadi tangu kale: Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka 1331, alizisifu nguo zilizofumwa huko na kusafirishwa hata Misri. Nguo rahisi za viwanda ziliudhoofisha ufumaji huo, na aliyekuwa fundi akageuka mnunuzi.

Ndiyo sababu mafunzo ya batiki yana uzito kupita urembo wake. Dar es Salaam, Nyumba ya Sanaa iliyoanzishwa mwaka 1972 iliwafundisha vijana kazi hiyo pamoja na sanaa nyingine, na msanii George Lilanga, aliyepata kujulikana ulimwenguni, alifanya kazi humo.

Ama mtoto mdogo, hafai kusogezwa karibu na nta inayochemka. Wayoruba wa Nijeria, katika nguo yao iitwayo adire, huchora kwa uji mzito wa unga wa muhogo, nao ukikauka huizuia rangi kama nta izuiavyo; na muhogo, katika Kivu, haukosekani jikoni. Basi mtoto na aanze na muhogo, achore kwa unyoya au kijiti, aache ukauke, apake rangi baridi, kisha akwangue. Hapo atajifunza kwamba rangi nyepesi hutangulia na nzito hufuata, maana iliyokwisha iva haiwezi kurudishwa nyuma. Akipevuka, ndipo apewe nta: ya mishumaa, ipasukayo na kuacha mishipa myembamba ya rangi, ikichanganywa na ya nyuki, iliyo laini, na rangi iwe baridi daima, kwa kuwa ya moto huiyeyusha nta kabla haijafanya kazi yake. Mwishoni maji ya moto huiondoa.

Enyi wazazi na waalimu wa Mudaka, msingoje kiwanda. Kitambaa cheupe, unga wa muhogo na subira vyatosha kuanza. Na mtoto aliyeipaka nguo yake rangi kwa mkono wake hatasadiki tena kwamba kila kizuri lazima kitoke ng'ambo.