Ukumbi wa Harusi: Zamani Ulikuwa Wapi, na Nani Aliyelipa?



Neno "ukumbi" ni neno la nyumbani. Wazee wetu walipolitamka walikusudia chumba cha mbele karibu na mlango wa nje, anapokalishwa mgeni kabla haijajulikana kama ataingia ndani au shughuli yake itaishia pale pale. Leo ukimtajia kijana ukumbi, haiwazi kabisa nyumba ya baba yake. Huwaza jumba la kukodi, lenye taa nyingi na viti vilivyovishwa nguo, lenye karani wa kupokea pesa na saa ya kufungwa. Neno limetoka nyumbani likaenda sokoni, na harusi zetu zikalifuata.

Nimeyafikiri haya kwa sababu ya bwana mmoja, baba wa wanafunzi wangu wawili, aliyenijia baada ya sala ya Isha na karatasi mkononi. Alikuwa akimwoza binti yake. Akaniambia, "Maalim, nitazamie hii, kisha uniambie kama naiweza." Ilikuwa ni hesabu ya ukumbi. Kodi ya ukumbi wenyewe ilikuwa mstari wa kwanza, na kusema kweli haikutisha. Lakini chini yake palikuwa na mistari mingine kumi: viti na nguo zake, mapambo, jukwaa la bibi harusi, chakula kwa kila kichwa, watumishi, jenereta endapo umeme utakatika, mpiga picha, kadi, usafi, na faini ya kila saa itakayozidi. Nilipojumlisha, ile kodi ilikuwa haifiki sehemu moja kwa sita ya jumla yote. Nikamwuliza fedha zitatoka wapi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba ipo minazi ya marehemu mama yake huko shamba, na mtu wa kuinunua yupo tayari.

Sikumjibu usiku ule. Jibu jepesi lilikuwa midomoni mwangu, lile ambalo sote hulisema: zamani harusi zilifanywa majumbani, wala hazikugharimu kitu. Lakini jibu hilo si kweli, na kumpa mtu shauri juu ya jambo lisilo kweli ni kumdhulumu. Basi natutazame huko zamani kulikuwaje.

Tuanze na Mtume wetu (S.A.W.), kwani yeye alioa safarini na alioa nyumbani. Alipomuoa Bibi Safiyya binti Huyayy, katika kurejea kutoka Khaybar mwaka wa 7 wa Hijra, walima ulikuwa njiani. Amesimulia Anas bin Malik, na wamepokea Bukhari na Muslim, kwamba zilitandikwa ngozi chini, zikawekwa tende na samli na maziwa yaliyogandishwa yakakaushwa, na aliyekuwa na akiba yake ya safari akaileta. Hapakuwa na mkate wala nyama. Mahali hapo pa harusi palikuwa ni ardhi ya Mwenyezi Mungu, na gharama yake ilikuwa ni kile ambacho kila mtu alikuwa nacho mkobani.

Ama alipomuoa Bibi Zaynab binti Jahsh, walima ulikuwa nyumbani. Alichinja kondoo, na Anas huyo huyo ndiye aliyetumwa kuwaita watu. Wakaja makundi kwa makundi, wakala wakashiba, wakatoka. Isipokuwa wachache waliobaki wakizungumza. Mtume akatoka, akarudi, akawakuta bado wamekaa, naye aliona haya kuwaambia waondoke, na bibi arusi yumo mle mle chumbani. Hapo ndipo ilipoteremka ile aya ya 53 ya Suratul Ahzab, inayowafundisha wageni waingie kwa idhini, na wakishakula watawanyike. Aya hii huisoma sana kwa habari ya hijabu, na ni haki. Lakini itazame pia kwa habari yetu hii. Mwenye kufanya harusi nyumbani kwake hakodi mahali, lakini hutoa kitu kingine: huitoa sitara ya nyumba yake. Kwa siku hizo nyumba huwa ya watu. Hii ni gharama, na Qurani yenyewe imeitaja.

Sasa njoo katika pwani yetu. Ukienda Lamu utayaona majumba ya mawe, mengi yao ya karne ya 18, nayo yamejengwa kwa mpango wa kuingia hatua kwa hatua: daka, kisha kiwanda, kisha misana miwili mirefu, na nyuma yake ndani, penye zidaka za chokaa ukutani. Huko ndani ndiko alikoonyeshwa bibi harusi. Na desturi ya wenye uwezo ilikuwa kwamba baba humtengenezea binti yake nyumba ya kuolewa. Asipokuwa na kiwanja, hujenga ghorofa juu ya nyumba yake mwenyewe, au hupitisha chumba juu ya njia, wanachokiita wikio, ili nyumba ya mama na ya binti zigusane. Bwana harusi ndiye aliyehamia.

Fikiri hesabu ya jambo hilo. Mawe ya matumbawe yakatwe, chokaa ichomwe, boriti zikatwe mikokoni. Ilikuwa kazi ya miaka, na bei yake ni kubwa kuliko kodi ya jumba lolote la leo. Lakini siku ya nane, baada ya fungate, kilichogharimiwa kilikuwa bado kimesimama, na mwenyewe alikuwa ni yule mwanamke. Akiachwa, ana pa kukaa. Akifiwa na mume, ana pa kukaa. Mahali pa harusi palikuwa ni mali ya bibi harusi. Sijui kama ipo tofauti kubwa kuliko hii kati ya harusi yao na yetu, nasi hatuitaji kamwe. Tunazozana juu ya biriani.

Usidhani, hata hivyo, kwamba nawasifu tu. Nani aliyeyabeba mawe yale? Nani aliyetwanga na kuchota maji siku saba mfululizo? Katika nyumba za wenye uwezo kazi hiyo ilikuwa ya watumwa, na hao hawakuandikwa katika hesabu ya harusi kwa sababu hawakulipwa. Harusi ilionekana haina gharama kwa kuwa gharama yake imewekwa juu ya mgongo wa mtu asiyeweza kukataa. Utumwa ulipigwa marufuku Unguja mwaka 1897, katika pwani ya Kenya mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Tangu hapo kazi ile ikawa ya majirani na jamaa wa kike, kwa zamu na kwa deni: leo nimekupikia wewe, kesho utanipikia mimi, na asiyekuja ataulizwa. Deni hilo halikuandikwa popote, ila kila mwanamke alilijua.

Tena nyumba nazo zilikuwa na ada zake. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alikusanya desturi za Waswahili katika kitabu kilichopigwa chapa Göttingen, Ujerumani, mwaka 1903. Na Sheikh Abdallah Saleh Farsy, aliyekuwa Kadhi wa Unguja kisha Kadhi Mkuu wa Kenya, aliandika katika miaka ya 1950 kitabu kizima juu ya ada za harusi katika Unguja. Waandishi wetu hawa hawakuliona jambo la harusi kuwa dogo. Wazee wanazikumbuka ada hizo: kilemba cha baba, mkaja wa mama, kiosha miguu, kipa mkono, na kifungua mlango, anachotoa bwana harusi pale mlangoni kabla ya kuingia. Kwa hiyo mlango wa harusi haukuanza leo kutozwa pesa.

Baadaye yakaja mashindano. Mombasa katika miaka ya baina ya vita viwili vikuu vyama vya lelemama vya akina mama vilishindana kwa ngoma, kwa nguo na kwa karamu, na harusi ikawa ni uwanja wao. Ni zama hizo hizo Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipotoa gazeti lake la Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, akiwazindua watu wa pwani wasiipoteze mali yao, na hasa wasiiuze ardhi yao. Harusi hizo, kumbuka, hazikuwa katika majumba ya kukodi. Zilikuwa nyumbani na mitaani.

Msikiti nao? Huko nikahi haina kodi: khutuba, ijabu na kabuli, halua, kahawa, dua, na watu wakatoka. Imamu Tirmidhi amepokea kwa njia ya Bibi Aisha hadithi ya kuitangaza nikahi na kuifanya misikitini, naye mwenyewe akabainisha kwamba katika wapokezi wake yumo aliye dhaifu. Lakini wanavyuoni wengi wamelipenda jambo hilo. Ila msikiti hutosha kwa nikahi ya wanaume. Shughuli ya wanawake haiwezi kuwa humo, na tusijidanganye: fedha nyingi zinakwenda kwenye shughuli ya wanawake, si kwenye halua ya msikitini.

Basi jumba la kukodi limeingiaje? Katika miaka ya 1950 zilikuwapo kumbi za mjini, kama Arnautoglo kule Dar es Salaam, za mikutano na dansi, na mwanamke wa heshima hakuona kuwa ni mahali pake. Kisha nyumba zetu zikabadilika. Majumba ya ghorofa ya Michenzani yaliyojengwa Unguja katika miaka ya 1970 hayana ua. Masufuria ya pilau utayateleka wapi, kwenye ngazi? Akina mama nao wameingia kazini. Jirani yako ni muuguzi wa zamu, hawezi kukaa jikoni siku tatu. Unguja ile ile watu wakaujua ukumbi wa Salama katika hoteli ya Bwawani, na kila mji ukapata wake. Kwa hiyo wanaosema kwamba watu wamekwenda ukumbini kwa kibri tu hawakusema haki. Wengi wamekwenda kwa kukosa ua.

Lakini ukumbi una gharama mbili zisizomo katika ile karatasi ya mistari kumi na mmoja. Ya kwanza ni mlango. Ukilipa kwa kila kichwa, lazima uvihesabu vichwa. Ukivihesabu, utatoa kadi. Ukitoa kadi, utaanza kukata majina. Na anayekatwa kwanza si yule mwenye gari. Ni bi kizee wa chumba cha uani, ni fundi, ni yatima wa madrasa. Abu Huraira amesimulia ubaya wa chakula cha walima wanachoitiwa matajiri wakaachwa masikini. Nyumbani, hata aliyekosa mwaliko alipata sinia lake kwa mlango wa nyuma. Ukumbi wa kukodi hauna mlango wa nyuma wa namna hiyo.

Ya pili ni sitara. Nyumbani aliyetoa sitara yake alikuwa mwenyeji. Ukumbini wanaotoa ni wageni wa kike, waliovua mabuibui kwa kuwa waliambiwa ni wanawake watupu; kumbe mpiga picha yupo, na siku hizi kila mkono una simu, na asubuhi picha imekwisha fika Maskati na London. Picha hiyo hairudi.

Pengine utasema, basi serikali ikataze. Walijaribu ndugu zetu wa Ngazidja. Huko harusi kubwa, wanayoiita anda, hulisha mji mzima na uwanja wake ni bangwe la mji, na mtu asiyeifanya hahesabiwi kuwa mkubwa. Serikali ya Ali Soilih ilipigana nayo. Mwezi wa Mei 1978 serikali hiyo ikapinduliwa, na anda ikarudi, mpaka Wangazija waliohamia Ufaransa wakawa wanaweka akiba ya miaka kuja kuifanya kwao.

Nirudi kwa yule bwana. Alipokuja tena nilimkalisha na karatasi yake, nikampa kalamu. Nikamwambia aandike mbele ya kila mstari kitakachobaki asubuhi yake. Mbele ya mistari kumi hakuandika kitu. Mbele ya mstari wa mpiga picha aliandika "picha", akafikiri, akafuta. Nikamwuliza minazi ile, kama ingeandikwa kwa jina la binti, ingefaa nini. Akasema, "Haya basi, Maalim, lakini watu nitawaweka wapi? Mimi nakaa ghorofa ya tatu." Hilo lilikuwa swali la haki, na mwenye kutoa nasaha asiyekuwa na jibu lake ni bora anyamaze.

Nikampa ua wa madrasa. Nikahi ilikuwa msikitini baada ya Alasiri, wanaume wakapata kahawa na halua. Wanawake walikuwa uani kwetu chini ya turubai la kuazima, simu zimewekwa kapuni mlangoni kwa amri ya bibi yake bibi harusi, na hakuna aliyethubutu kumbishia. Mpishi alilipwa ujira wake, nao vijana wa kubeba maji walilipwa. Minazi iko pale pale, na hati yake sasa ina jina la binti.

Wala usidhani haikugharimu. Watoto hawakusoma siku mbili, na mzee mmoja alinilaumu kwa hilo mbele ya watu, nami sikuwa na la kumjibu. Majamvi mawili yaliungua kwa makaa. Mama wa bwana harusi, aliyekuwa amekwisha wapa rafiki zake habari za ukumbi, hakusema na mkwewe mpaka mwezi wa Ramadhani, alipomletea kaimati.