Shahada ya Sarafu

Tarikhi ya Kilwa imetufikia kwa njia mbili: muhtasari wa Kireno wa João de Barros, uliopigwa chapa Lisbon mwaka 1552, na hati ya Kiarabu iliyonakiliwa Unguja mwaka 1877. Zinaachana katika mengi. Zote mbili, hata hivyo, zinasimulia wana wa mfalme wa Shirazi waliokuja kwa vyombo, kisiwa kilichonunuliwa kwa nguo, na sultani wa kwanza aitwaye Ali. Je, hiyo ni khabari au ni ngano?

Kilwa zimeokotwa sarafu nyingi za shaba zenye jina la Ali bin Hasan. Msomaji wa mashairi atazipenda: upande mmoja jina, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mola, na pande hizo mbili zina kina kimoja. Mwaka ndio haumo. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa katika miaka ya 1960, alimweka Ali huyo karibu na mwaka 1200, na kwa muda hilo likahesabiwa kuwa jambo lililothibiti.

Mwaka 1984, Mtambwe Mkuu, Pemba, ikafukuliwa akiba ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000, jina la Ali bin Hasan likiwamo. Pamoja nazo zilikuwamo sarafu za kigeni zenye tarehe, ya karibuni kabisa ikiwa ya 1066. Ali akarudishwa nyuma zaidi ya karne nzima, akakaribia pale ilipomweka tarikhi.

Tuangalie lakini jinsi alivyorudishwa. Sarafu yake haikusema neno. Majirani zake ndio walioishuhudia, kama mpokezi wa hadithi anavyopimwa kwa wenziwe katika sanadi. Na mwaka 1066 ni wa kupigwa sarafu ile, si wa kufukiwa akiba. Isitoshe, Ali bin Hasan si jina adimu Uswahilini. Kwamba alikuwapo mtawala wa jina hilo, hiyo kwangu ni yakini. Kwamba alitawala karne ya kumi na moja, ni dhana yenye nguvu. Kwamba ndiye Ali wa merikebu za Shirazi, hapo ninasimama.

Uchunguzi wa mifupa ya kale ya pwani, uliotolewa mwaka 2023, umeonesha damu ya Kiajemi iliyoingia hasa kwa upande wa kiumeni, na kuchanganyika na ya Kiafrika yapata mwaka 1000. Wazee waliochekwa kwa kujiita Washirazi wamepata shahidi. Shahidi huyo, hata hivyo, hamjui Ali kwa jina, wala hajasikia lolote juu ya zile nguo.